Uzito wa Kichwa

Mimi ni Somoe, karani wa mizani.
Msimu wa kumi na moja huu, ghalani Newala.
Gunia likitua, najua kabla mshale haujatulia
kama korosho zina unyevu,
kama mna mchanga uliotiwa ili uzito uzidi,
kama mwenye nalo alilia njiani.
Ila uchovu wangu
sikuwahi kuupatia kilo zake.

Ulianza na homa, mwaka ule salfa ilipochelewa.
Homa ikaaga. Mwenzake akabaki,
akajitandikia.

Huamka nimechoka kuliko nilivyolala.
Kuchana nywele ni palizi ya ekari mbili.
Mtu akinisalimu, kabla ya kuitika
nahesabu pumzi kwanza
kama abiria ahesabuye sarafu mfukoni.

Ndanda walinipima. Damu safi,
mkojo safi, picha ya kifua safi.
Usafi wote huo ukanichafulia jina:
mwenyekiti wa chama akasema mvivu,
wifi akasema nimerogwa.
Mume wangu Chande hakusema kitu.
Akaanza kuchota maji mwenyewe,
usiku, watu wasimwone.

Korosho huikata ukakijua kiini.
Mimi nani angenikata?

Bi Hilaria Mchopa ana chumba nyuma ya duka la mbolea.
Bango lake lasema OSTEOPATHIA;
watu husoma hadi katikati, wakachoka,
wakamwita Mama Mifupa.
Nilikwenda Julai, nikijua nitapindwa,
shingo ialike kama kuni kavu.
Wapi!
Alinilaza chali, akaketi kichwani pangu juu ya kigoda,
akapitisha viganja chini ya kisogo,
akanyamaza.

Dakika ngapi, sijui.
Dukani mtu alikuwa akibishania bei ya salfa.

"Bado umekishikilia," akasema. "Niachie."
Nikasema nimeachia.
"Hujaachia."
Na kweli:
miaka minne nilikibeba kichwa hata usingizini,
kama mwanamke aliyefika kwake
akasahau kutua ndoo.

Nikatua.

"Kilo tano hivi," akasema. "Karani, andika."
Nikacheka, kisha nikalia;
machozi yakateremkia masikioni
na yeye hakuondoa mikono kuyafuta.

Baadaye akazifuata mbavu, moja moja,
akizisikiliza kwa ncha za vidole.
Akakuta pumzi yangu inaishia juu,
mgeni wa barazani asiyekaribishwa ndani.

"Sikudanganyi, Somoe. Mikono hii haiufukuzi.
Inakupunguzia magunia ya juu tu.
Bibi yako alichota wapi maji?"
Bondeni, nikasema. Zamani wote walishuka bondeni.
"Mara ngapi kwa siku?"
Moja.
"Mara ya pili je?"
Nani aweze! Mlima ule,
ndoo nzima ungeinywa njiani.
"Ehe. Na wewe unashuka mara tatu
halafu unashangaa ndoo tupu."

Siku hizi napima nimeketi.
Kiti nimekitoa nyumbani; mwenyekiti akitazame.
Nikipata nguvu za vikombe viwili
natumia kimoja, kingine nakifunika.
Alhamisi naenda kwa Mama Mifupa.
Zipo wiki napanda ngazi zake mwenyewe,
zipo wiki nashikwa mkono.

Jumatatu iliyopita sikuinuka hadi adhuhuri,
na ni Oktoba, magunia yamepangwa hadi barabarani.
Chande akaingia, kucha nyeusi kwa mafuta ya maganda,
akaketi kichwani pangu bila kuambiwa,
akatia viganja chini ya kisogo,
vibaya, kimoja juu, kimoja chini.
"Kilo ngapi?" nikamuuliza.
Akafikiri kwa muda mrefu.
"Mimi si karani," akasema.
"Ila hakina mchanga."