Kosa la Kipimo

Mama yangu, Mwantumu wa Barabara ya Kumi na Tatu,
alipima mchele Ngamiani miaka ishirini na sita.
Kibaba chake kilikuwa sheria:
alikijaza, akakifuta kwa kiganja,
na punje iliyodondoka aliirudisha guniani.
Si uchoyo, alisema. Hesabu ni hesabu.

Basi niambieni
mtu huyo alikoseaje kupika
siku kumi na moja mfululizo?

Ilikuwa Bombo, wodi ya wanawake.
Bibi kalazwa kitanda cha dirishani.
Kitanda cha pili, Mama Semboja wa Handeni,
mguu kwenye plasta,
hana mgeni, hana kikombe.
Saa ya kutazama wagonjwa ikifika
anageukia ukutani, anajifanya kalala.

Mama anafunua hotipoti. Anaguna.
"Jamani, leo nimezidisha tena!
Nisaidie, dada, nikirudi nao utachacha,
na huyu mwanangu atanicheka."

Nami, miaka tisa, mkweli kama jogoo,
nikafungua mdomo niseme
nilimwona alfajiri akiongeza kibaba cha pili,
macho makavu, mkono hautetemeki.
Akanikanyaga kidole cha mguu.
Hadi leo nakijua kisigino kile.

Tenda wema nenda zako, husema watu.
Mama hakwenda zake.
Alikaa, akalalamikia bei ya nazi,
akaulizia mvua za Handeni,
akangoja sahani, akaiosha pamoja na zetu
kana kwamba zote zilitoka kabati moja.

Mimi nimekua. Natoa.
Mwezi uliopita, msibani Chumbageni,
nilimkabidhi Mzee Kihiyo elfu hamsini
mbele za watu, kwa mikono miwili, kwa sauti.
Alishukuru.
Kisha akatazama viatu vyake, muda mrefu,
na mimi nikasikia kidole kinauma.

Sasa Mama ndiye kalazwa, wodi ileile,
nami chakula nanunua, kupika sijui.
Jana binti wa kitanda cha jirani
kafungua chupa ya uji, kaguna:
"Bibi, leo umenizidi, sijui nilipima vipi."

Mama akamtazama
kama anavyotazama mtu anayeshika kibaba.
Akapokea kikombe, akanywa, akafuta midomo.
"Kosea na kesho, mwanangu," akasema.
"Ila sukari punguza."