Kidirisha cha Jikoni

Nililipa mia mbili mlangoni, Jumapili,
saa tisa, jua la Kisumu likiukaanga mtaa wa Kaloleni,
na kijana wa tiketi akanigonga muhuri wa zambarau kiganjani
kama gunia la mbolea.
"Viti vipo mbele," akasema. "Bendi bado inakaza nyuzi."

Mimi nilikuja kuona sakafu.
Mama alituambia ilikuwa ya mvule,
ikipakwa nta kila Ijumaa, na ukiteleza
uliteleza hadi mikononi mwa mtu.
Alituambia hivyo akisonga ugali, kiuno kikiujibu mwiko,
nasi tukamwona: gauni la maua, viatu vya kisigino,
gitaa tatu zikimkimbiza.

Sakafu ni saruji. Imekuwa saruji tangu mwanzo,
asema Apondi mwenye funguo,
naye hana haja ya kunidanganya.
Kabatini ana daftari la kale, pembe zimeliwa na mchwa.
Tukatafuta. Kwa wanamuziki, hayupo. Kwa wageni wa heshima, hayupo.
Kisha, kwa kalamu ya risasi:
Awiti N., jikoni. Glasi nne zimevunjika. Akatwe.

Glasi nne.
Sikujua nicheke au niketi.

Jikoni kuna sinki moja, bomba lisilokoma kudondoka,
na kidirisha cha kupitishia sahani,
upana wa shubiri mbili, basi.
Nikainama. Niliona migongo. Niliona viwiko,
shingo ya gitaa ikipotea na kurudi.
Hapo bendi ikaanza

na ukuta ukala maneno.
Ukala jina la mpenzi,
ukala sifa za tajiri aliyeulipia wimbo,
ukaniachia besi tu,
nzito, kama ng'ombe atembeaye topeni,
ikinipanda nyayoni kupitia saruji ile ile.

Kumbe.
Miaka yote ile, akifua, akichambua omena,
mama aliimba nyimbo zisizo na maneno,
dum, na dum-dum, midomo imefumbwa,
nasi tukidhani kayasahau.

Apondi akachungulia: kiti changu cha mbele kimekaliwa.
Nikamwambia kikaliwe.
Kando ya sinki palikuwa na glasi moja chafu.
Niliisuuza polepole, nikaishika kwa mikono miwili
gitaa zilipoanza kukimbizana.