Nyekundu Ipi

Kitambaa kilichofunika redio yetu miaka thelathini na mitatu
leo nimekikunja, nimekitia mkobani,
na redio imebaki uchi juu ya kabati
kama mtu aliyevamiwa bafuni.

Nakwenda Shupashkar.
Ndivyo marehemu alivyouita; simu ya mjukuu wangu yasema Cheboksari.
Mji mmoja, majina mawili,
na mto wake nao hivyo hivyo: Volga ya Warusi,
Atal ya wenyewe Wachuvashi.
Nimeyaandika yote nyuma ya risiti ya Luku
nisije nikapotea kwa kujua jina moja.

Kijana wa wakala, mtaa wa Samora, aliguna.
"Mama, huko hatuna kifurushi. Dubai je?"
Dubai, mwanangu, sidai mtu.
Akabofya, akabofya. Istanbul, kisha Moscow,
kisha treni usiku kucha,
asubuhi unashushwa karibu na maji.
Bei ilipotokea aligeuza uso yeye, si mimi.
Mimi nilishaijua: ni upatu mara mbili,
cherehani ya pili,
na kiwanja cha Chanika, ambacho wanangu
bado wanadhani tunacho.

Kibwana alisomea matrekta kule.
Aliondoka na sweta, akarudi na koti, kikohozi,
na kitambaa hiki.
"Nani kakupa?"
"Watu wa kule."
Watu! Wengi hivyo, sindano moja?

Nami ni mshona vitambaa.
Nusu ya makochi ya Chang'ombe yamevaa mkono wangu.
Nikakigeuza nitafute mafundo,
kule nyuma tunakofichia uvivu wetu.
Hamna.
Mbele nyekundu, nyuma nyekundu,
nyota kwa nyota, jino kwa jino.
Kitambaa kisicho na upande wa siri,
nimeletewa na mwanamume aliyekuwa nao.

Nikafunika redio.

Ila pembe moja haikuisha.
Nusu nyota, halafu uzi umekatwa kwa meno.
Nimeipangusa vumbi nusu nyota hiyo
kila Ijumaa, hata Ijumaa tuliyomzika.

Daftari lake ninalo, kwa penseli:
shiv, maji.
sagar, mkate.
tavtapus, ahsante.
Na moja hakulitafsiri: salam.
Ndivyo wanavyoamkiana,
na yeye, mzaliwa wa Dar es Salaam,
nadhani alicheka mpaka wakamwogopa.

Mwajabu, mjukuu, anasema niende Juni.
Juni wana Akatui, arusi ya plau:
jembe linaozwa kwa ardhi, watu wanapigana mieleka,
mshindi anabeba kondoo dume mabegani.
Januari mto unaganda, watu wanatembea juu yake.
Nimeandika Juni. Nimeifuta.
Picha ya Kibwana ina theluji:
yeye katikati, wasichana wanne,
kofia zao zimeshonewa sarafu mpaka masikioni,
na wa mwisho, wa mkono wa kushoto,
hatazami kamera.
Nimeandika Juni tena. Magoti yangu hayaaminiki
hata kwenye ngazi za Kariakoo.

Jina lake sina.
Lakini sasa, asema Mwajabu, kando ya maji
kuna sanamu ya mama, kubwa, kafungua mikono.
Nitaanzia hapo. Nitakaa chini yake,
kitambaa magotini, siku tatu nilizolipia.
Atakayekijua atasimama.
Akiwa amekufa, nitaonyeshwa alikolala.
Akiwa hai, nimejizoeza mbele ya kioo:
salam, halafu pembe, halafu ninyamaze.

Kilo ishirini na tatu. Ubuyu, karafuu, khanga mbili
(maandishi yake nimeyachagua kwa saa nzima, siyasemi),
sindano zangu, ikiwa zake zimeshika kutu.

Umebaki uzi.
Mtaa wa Kongo, jua la saa saba,
muuzaji kanimwagia makasha juu ya meza:
ya damu, ya kungumanga, ya matofali, ya midomo ya maharusi.
"Nyekundu ipi, mama?"
Nikafungua mkoba.