Kwa Sikio Lipi

Ukurasa wa shukrani una majina kumi na moja:
Profesa Ragnvald aliyenisimamia,
shirika la reli lililolipia vihisio,
mama, na fundi wa maabara aliyenikopesha koleo.
Jina la Hillevi halimo. Alikataa mwenyewe.

Husema uzamivu, nami kweli nilizama,
magoti ndani ya tope la Lerhaga, magharibi mwa Uswidi,
Novemba, saa kumi jioni na giza limeshafunga.
Nilizika vihisio katika shamba lake la shayiri:
mita nne kutoka relini, mita nane, kumi na sita,
cha mwisho chini ya dirisha la jiko.

Huko chini ni ufinyanzi wa bahari iliyojitoa zamani,
laini kama siagi iliyosahauliwa mezani.
Wimbi hutembea humo kivivu,
treni ya kasi hulifuata, hulikamata,
na ardhi hujikunja mbele ya magurudumu
kama zulia mbele ya kabati linalosukumwa.
Milimita saba tu.
Nyumba huzihesabu zote.

Nilikuja na dodoso.
*Kuanzia sifuri hadi kumi, mtetemo unakukera kiasi gani?*
Jirani yake Alvar aliizungushia kumi duara,
akachora kumi na moja pembeni, kwa wino mwekundu.
Hillevi aliitazama midomo yangu ikimaliza swali,
akaandika kwa penseli: *Mimi ni kiziwi tangu miaka sita.*
Kisha akakichukua kiganja changu, akakibandika mezani.

Tukangoja. Kahawa ikapoa.
Ikaja kwanza kama ganzi inayoachia,
kisha vijiko, kisha ubao mzima ukavuta pumzi.
Akaandika: *Magogo. Mabehewa thelathini na mawili.
La kumi na tisa linachechemea.*

Nilirudi kwenye kompyuta kumhakiki (ndiyo, kumhakiki,
kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisomea shahada).
Thelathini na mawili.
Gurudumu bapa la behewa la kumi na tisa
lilinichukua siku tatu, na miwani ya Ragnvald, kuliona.

Watu husikia njaa. Husikia baridi, husikia kizunguzungu,
na hakuna awaulizaye: kwa sikio lipi?

Sura ya sita inapendekeza nguzo za chokaa na saruji,
mita kumi na tatu kwenda chini, safu kwa safu,
mpaka ufinyanzi ukaze kama taya.
Watahini waliipenda sura ya sita.
Mashine za njano zikaja, zikakaa viangazi viwili.
Mtetemo ulishuka kwa asilimia themanini na nne.
Alvar alinitumia keki kwa posta; ilifika makombo,
nikaila hivyo hivyo, kwa kijiko.

Juzi nilipita Lerhaga.
Hillevi hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.
Alimimina kahawa, akaweka kiganja mezani kwa mazoea,
akainua macho kwenye saa ya ukutani.
Dirishani ikapita, ndefu, ya buluu,
kama treni iliyochorwa kwenye kalenda.
Vijiko vililala.
Mkono wake ulibaki pale, muda mrefu baada ya behewa la mwisho.

Akavuta karatasi: *Dodoso lako lilikuwa na swali moja pungufu.*
Nikauliza, lipi?
Penseli ikasimama, ikafikiri,
ikalazwa kando ya sahani.
Akaniongezea kahawa ambayo sikuiomba.

Wakati wa kuaga alikuwa ameinamia karai la vyombo,
mgongo kwangu, maji yakitiririka.
Sikumgusa bega.
Nilipiga sakafu kwa kisigino, mara mbili, kwa nguvu
ambayo Sura ya sita ingeiita ziada.

Akageuka upesi, povu mikononi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina.