Dakika Kumi za Ruhusa

Ranger ya baba iko gerejini, pua ukutani,
theluji ya jana ingali inadondoka matairini.
Nimelala chali chini ya usukani, tochi mdomoni,
napapasa soketi kwa kidole kama mtu anayetafuta jino bovu.
Waya nimeununua kwa jamaa mmoja wa Houghton, dola kumi na nane,
una swichi ndogo ubavuni: huku injini, huku milango.

Baba amelala. Saa nane mchana. Redio yake inasema peke yake,
inasoma unene wa barafu, ghuba baada ya ghuba.

Kompyuta nimeikalisha kiti cha abiria.
Programu inauliza kwa adabu ya karani:
Funguo zote zilizosajiliwa zitafutwa. Uendelee?
Uwe na mbili mkononi, zisipungue.
Ninazo. Zimekuja kwa posta, zinanuka plastiki,
meno yake yamechongwa na fundi viatu wa Calumet
ambaye hakuniuliza kitu.

Ndiyo.

Subiri dakika kumi. Usizime chochote.

Kwa nini kumi, hakuna anayeeleza.
Labda mwizi achoke.
Labda mtoto afikiri.

Dakika ya pili Marlys anapiga simu kutoka Green Bay.
"Umeshafanya?"
"Nafanya."
"Fanya, Arvo, kabla hajaua mtoto wa watu."
Anakata.

Jumanne ile walimkuta maili arobaini kutoka hapa,
mbele ya lango la mgodi uliofungwa nikiwa sijazaliwa,
taa zinawaka, kopo la chakula pajani,
anangoja king'ora cha zamu.
"Leo wamechelewa," alimwambia polisi,
naye polisi, kijana wa watu, akatazama saa yake.

Dakika ya saba. Kahawa imepoa.
Mwizi huvunja kioo akakimbia.
Mimi nina waya, nina kiti, nina blanketi miguuni.

Kisha taa nyekundu ya dashibodi inapepesa, inatulia.
Ufunguo wa kwanza: tia, washa, hesabu, toa.
Wa pili: tia, washa.
Injini inakohoa, inashika.

Funguo mbili zimetambuliwa.
Na ule wake, wenye kishikio cha ngozi ya paa
na alama za meno ya mbwa tuliyemzika nyuma ya ghala,
gari limeusahau. Sekunde moja tu,
bila uchungu, kana kwamba hawajawahi kukutana.
Kumbe kusahau ni jambo la sekunde.
Yeye kunamchukua mwaka wa nne sasa.

Nimeurudisha mfukoni mwa koti lake.
Uzito uleule. Vifungo vitatu vilevile:
cha kufunga, cha kufungua, chekundu cha kupiga kelele.
Hakuna tena kitakachofungua. Vyote vitatu sasa ni kifungo.

Asubuhi namwona kwa dirisha la jikoni,
kofia kichwani, anajikokota juu ya barafu.
Mlango unamkubali; chuma hakijapata habari.
Anakaa. Anageuza. Anageuza tena.
Anapigapiga dashibodi taratibu,
vile mtu anavyompoza ng'ombe anayetaka kuzaa.

Natoka na ndala, bila soksi.
Anateremsha kioo kwa mkono, nusu.
"Betri," ananiambia.
"Betri," namjibu.

Halafu anafanya nisilolitarajia: anasogea,
kwa shida, goti baada ya goti, hadi kiti cha abiria,
ananipisha.
"Jaribu wewe. Wewe una mkono mzuri."

Mpya uko mfukoni mwangu, unanichoma paja.
Nashika ule wake, wenye ngozi, bado una joto lake.
Nautia. Nageuza kwa bidii,
kama mtu anayetaka liwake.