Kwa Anayeanza Jumatatu

Nimeliona jina lako kwenye ratiba ya ukutani,
Lubna, kwa wino wa kijani, zamu ya asubuhi.
Saa moja. Ila wao wameandika saba,
maana watu wa Dundee huanza kuhesabu usiku wa manane,
na sisi tulifundishwa kuhesabu na jua.

Desemba hapa jua halina hesabu.
Saa moja itakukuta gizani, saa mbili gizani,
na karibu saa tatu ndipo dirisha la jikoni
litakapopata rangi ya maji ya mchele.
Usilingoje likuamshe.
Jua la huku nalo ni mwanagenzi, na linachelewa kazini.

Watakupa kitabu cha kanuni. Ukurasa wa tisa unasema
kuwahi ni heshima, ni sura ya nyumba yetu ya wazee.
Soma, tia sahihi. Hata mimi nilitia.
Siku ya nne nikarudi ndani kuchukua glavu.

Glavu tu. Moja ilikuwa uvunguni mwa kitanda.
Basi likaniacha; nikaziona taa zake nyekundu
zikiteremka kuelekea mtoni,
nikafika saa moja na dakika sita
na sentensi tatu za udhuru nilizozipanga njiani,
kwa Kiingereza kilichonyooka.

Shona wa zamu ya usiku alisimama mlangoni pa chumba namba nne,
koti mwilini, begi begani,
mkono mmoja bado umeushika wa Bi. Geddes,
ambaye akiachwa peke yake huinuka
kumtafuta mume aliyezikwa zamani,
na huanguka.
Hakununa. Alinisomea daftari mbiombio:
amekunywa maji, hakulala, vidonge baada ya uji.
Akatoka mbio, viatu vikimteleza kwenye barafu.
Udhuru wangu ukanibaki mdomoni
kama mchanga kwenye wali.

Basi lake hupita saa moja na dakika kumi.
Linalofuata, saa moja na hamsini.
Nyumbani ana Struan, miaka sita,
na babu mtu humtoa saa mbili kasorobo kumpeleka shule.
Kati ya basi na babu, mama na mwana wana robo saa.
Asubuhi ile jino lake la kwanza lilikuwa limeng'oka.
Alikaa kwenye ngazi, kalifumbata,
mpaka babu akasema basi, twende.
Adhuhuri likapotea uwanjani, kwenye theluji.

Jino tu, utasema, si msiba.
Nami najiambia hivyohivyo,
na bado sijaona likipungua uzito.

Nimekua nikiimbiwa chelewa chelewa,
utamkuta mwana si wako,
nikadhani hasara ni ya anayechelewa.
Hakuna aliyenieleza kwamba naweza kuchelewa mimi
na anayemkosa mwana akawa mwenzangu.

Shona hakunitajia hata siku moja.
Niliyasikia kwa mpishi, wiki mbili baadaye,
akimenya viazi, bila nia mbaya.

Sikufundishi adabu, Lubna, umelelewa.
Nakwambia tu: glavu zilale mfukoni mwa koti.
Njia ya juu huteleza; shika ya chini, penye duka la samaki.
Saa ya ukumbini iko mbele dakika mbili,
meneja anajua, na haigusi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu nimepangwa mimi.
Utanikuta chumba namba nne,
koti langu bado limetundikwa msumarini.
Silivai kabla mwenzangu hajafika,
asije akadhani namhesabia.
Lakini masikio yangu yatakuwa mlangoni.