Wakati Ujao, Cimpunda

Umeme ulikatika kabla ya kitenzi.
Mwalimu Zihindula akawasha tochi ya simu,
akaitundika kwenye msumari juu ya ubao,
akaendelea, kana kwamba giza ni koma tu.

"Kiingereza hakina kiambishi cha kesho.
Sisi tunachomeka -ta- katikati ya neno
kama sindano kwenye kitenge, siku imeshonwa.
Wao huazima. Walichukua 'will',
neno la kale la kutaka,
wakalivisha koti la kesho."

Tukacheka. Kwani sisi je?
Kadutu nzima husema mvua inataka kunyesha,
makaa yanataka kuisha, mtoto anataka kulia,
na hakuna aliyewahi kuyauliza makaa.

Akaandika la pili, 'going to',
la jambo ambalo dalili zake unaziona:
wingu lililoinama juu ya ziwa,
sufuria inayotikisa kifuniko.
"Hapo usitie 'will'. 'Will' ni ahadi, ni kubahatisha,
ni uamuzi unaokujia ukiwa umesimama mlangoni.
Hili jingine limeshaanza safari.
Nsimire, mfano wako."

Mimi nauza ndagala.
Nilikuja darasani kwa ajili ya wanunuzi wa Kamembe,
wanaopunguza bei kwa lugha nisiyoisikia vizuri.
Nyumba niliiacha nyumbani.
Lakini mdomo ulikuwa umeibeba.
Nikasema: ukuta wetu, 'going to', kuanguka.

"Umesahau 'is'," akasema.
"Bila 'is' hauendi popote."

Laiti.
Ningelificha hilo neno dogo chini ya godoro,
ukuta ukabaki umesimama, unalitafuta.

"Dalili?" Ndivyo kanuni inavyodai.
Nikazitaja. Ufa, upande wa bonde.
Januari ulipitisha wembe.
Machi, kidole cha mwanangu Ashuza.
Sasa ngumi yangu, pamoja na pete.
Na mlango umekataa kufunga.

"Umekataa," mwalimu akarudia polepole.
Hata hilo wanalo: 'won't',
la vitu visivyo na roho vinapogoma.
Hakuliandika.
Darasa zima lilikuwa linatazama madaftari.
Cimpunda, nani hana ufa kwake?

Buhendwa, mpakiaji wa bandarini, akatuokoa:
"Na meli ya Goma, kesho saa moja asubuhi?"
Hapo, akajibiwa, wanatumia wakati uliopo.
Meli inaondoka. Ratiba imeshaandikwa.
"Basi aliyeiandika," akasema Buhendwa,
"hajawahi kuisubiri na magunia."

La mwisho lilikuwa refu, 'will have',
nalo ndilo nililipenda.
Unakwenda kusimama Desemba,
unageuka, unatazama nyuma,
unakuta umemaliza jambo
ambalo leo hujaligusa.
Nikaandika mara tatu, kalamu ikitoboa karatasi:
kufikia Desemba tutakuwa tumehama.
Tumehamia wapi,
sarufi haikuuliza.

Alinisindikiza kwenye ngazi za udongo,
tochi mdomoni, mikono ikishika majani.
Akaweka kiganja kwenye ukuta
kama mtu anayepima homa.
Hakusahihisha kitu.
Akashika mguu mmoja wa kitanda, mimi mwingine,
tukakisogeza mbali na ufa
hadi kwenye mlango usiofunga,
Ashuza juu yake, amelala,
wakati wake wote mdomoni, umefunguka.

Nje, mvua ilikuwa inataka.

"Jumatatu nitakuletea ndagala," nikamwambia.

Akasimama kizingitini, akafuta udongo wa viatu.
"Hiyo," akasema, "ni 'will'.
Umeamua sasa hivi."